Dakika Kumi na Moja za Arvid Tveiten

Gunvor wa nyumba ya chini alikuja kuniambia kwamba Arvid wa Mizani amekata tiketi ya kwenda Lomnes, na kwamba huko Lomnes ana mke.

"Mke gani?" nikamuuliza. Nilikuwa namlisha Embla uji, na uji wenyewe ulikuwa umeshafika kwenye nyusi.

"Mke. Au mtoto. Au wote wawili." Gunvor alivua viatu mlangoni, akajimiminia kahawa yangu bila kuuliza, akakaa. "Wewe Synne ni mgeni hapa, huna hata miaka miwili, hujui mambo. Mimi namjua Arvid tangu alipoletwa na ndege. Miaka thelathini na moja hajakanyaga Lomnes. Timu ya mpira ikienda, Arvid tumbo linamuuma. Harusi ya binamu wa marehemu mkewe, tumbo. Mazishi, tumbo. Mwanangu, mtu haugui tumbo miaka thelathini kwa sababu ya kijiji kimoja. Kuna mtu huko anamkimbia."

"Labda anaogopa ndege."

"Kila mwaka anapanda ndege kwenda mjini mara mbili. Anarudi na soseji."

"Basi kwa nini aende Lomnes sasa hivi?"

"Ndiyo nakwambia. Ana mke."

Kwa Gunvor swali na jibu hukaa chumba kimoja, wala havisalimiani.

Lakini kwa nini sasa hivi, hilo nililijua mwenyewe, kwa sababu lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa duka, chini ya tangazo la paka aliyepotea. Ndege yetu hupita pwani nzima kama basi, inashuka, inapanda, inashuka tena, na baada ya Skarvik kituo cha mwisho ni Lomnes, hapo inageuka na kurudi njia ile ile. Tangazo lilisema kuanzia Jumapili kutakuwa na ratiba mpya. Ndege itageukia Skarvik na kurudi mjini, na Lomnes watapata ndege yao. Safari ya Skarvik na Lomnes inafutwa. Jumamosi jioni ndiyo ya mwisho.

Wiki hiyo wanaume walisimama mbele ya tangazo lile wakabishana juu ya umbali, kana kwamba umbali nao unafutwa. Mmoja akasema ni kilomita arobaini, mwingine akasema arobaini na tatu. Mume wangu, Sindre, ambaye ndiye anayeongoza ndege ikishuka, anayebeba mizigo, anayesukuma theluji na anayekaa kwenye gari la zimamoto, inategemea tu koti lipi amevaa, aliwaambia ni kilomita arobaini na moja angani na dakika kumi na moja, upepo ukisukuma kutoka nyuma ni dakika tisa. Kwa barabara ni kilomita mia moja na tisini, kuzunguka ghuba mbili, na mlimani kuna kizuizi ambacho kikishushwa unasubiri gari la theluji likuongoze, na gari hilo lina tabia yake.

Arvid alikuwa amesimama nyuma yao na mkate kwapani.

"Dakika kumi na sekunde arobaini," akasema, akaenda zake.

Nilimwona Sindre akimtazama. Sekunde hizo arobaini alikuwa anazijua yeye na rubani peke yao, au alidhani hivyo.

Arvid anakaa mlango wa pili kutoka kwetu. Ukiharibikiwa na kitu Skarvik, unampelekea Arvid. Mizani ya kiwanda cha samaki, mashine ya barafu, injini ya boti, kiti cha magurudumu cha mchungaji, kila kitu kimepita mikononi mwake. Ila mimi, kwa sababu nakaa nyumbani na mtoto na macho yangu hayana kazi nyingine, nilikuwa nimeona jambo. Arvid hatazami kitu kilichoharibika. Anakisikiliza. Gari la Embla la kusukuma lilipoanza kulia gurudumu, aliinama pale njiani, akalisukuma mbele na nyuma huku amefumba macho, akasema, "Linalia katikati ya sauti mbili, maskini. Halijui liende wapi." Akalitia mafuta. Halikulia tena, na alionekana kusikitika kidogo.

Jioni ile nilikaanga vafla, zile keki bapa za unga na mayai, nikampelekea na jemu. Sikwenda kumpeleleza. Nilikwenda kwa sababu Sindre alikuwa amesema shangazi yake Torbjørg yuko Lomnes na hajamwona Embla hata siku moja, kwa hiyo kama mzee anakwenda, twende naye, turudi jioni na ndege ya mwisho. Lakini nikikwambia sikutaka kujua, nitakuwa nakudanganya.

Arvid alikuwa ametandaza gazeti mezani, na juu ya gazeti vifaa ambavyo sikuwahi kumwona navyo. Ufunguo wa mpini mrefu. Vipande vya kitambaa chekundu. Kichuma chenye ncha mbili kama uma uliopoteza meno mengine. Vyote vilikuwa vimepakwa mafuta vikang'aa.

"Gunvor amekwambia nini?" akauliza.

"Mke."

"Juzi ilikuwa jela." Akakata vafla, akampa Embla kipande. "Kaa, Synne. Marehemu mke wangu alikuwa anajua, na alicheka mpaka akalazimika kukaa sakafuni. Wewe cheka ukiwa umekaa."

Akanieleza. Yeye si fundi wa mizani. Hajawahi kuwa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba kutoka kusini, kazi yake kurekebisha sauti za piano, na kwaya ya Lomnes ilimwandikia aje kurekebisha piano ya ukumbi wao. Akapanda ndege tatu. Katika ile ya tatu akasinzia. Akaamka ndege imesimama, akachukua kisanduku chake cha vifaa akashuka. Jengo la njano, mlango mmoja, mashine ya kahawa upande wa kushoto, mtu mmoja mwenye kofia.

"Nikajua nimefika. Yule mtu akatazama kisanduku changu akasema, afadhali umekuja, gari liko huku. Ningeuliza nini? Akanipeleka kiwandani. Nikasema moyoni, hawa watu wa kaskazini wanaweka piano yao kwenye samaki. Kisha akanionyesha mizani ya tani mbili iliyokwama."

"Si ungesema?"

"Ningesemaje? Walikuwa wamesimama watu kumi na wawili na aproni zao, wamesubiri wiki tatu. Mmoja akaanza kupiga makofi." Alitazama mikono yake. "Nikaifungua. Ndani mna springi. Nami nikajiambia, springi ni uzi uliojikunja. Nikaigonga, nikaisikiliza, ilikuwa imelegea upande mmoja. Kufika jioni inapima. Wakanipa samaki na maini na viazi, sijawahi kula hivyo. Kisha ukungu ukaja, ndege haikushuka siku nne. Siku ya pili wakaniletea mashine ya barafu."

"Na ya nne?"

"Siku ya nne nilimwona mke wangu. Alikuwa anapika kahawa kantini."

Hakuwahi kuwaandikia watu wa Lomnes. Wiki ya kwanza aliona haya kusema, mwezi wa kwanza aliona haya zaidi, na mwaka ulipopita haya ile ikawa kubwa kuliko yeye. Watu walikuwa wamemwamini, wamemwandalia chumba, labda walisimama uwanjani na maua. Na yeye alikuwa kilomita arobaini na moja kutoka kwao, anakula maini.

"Nimehesabu," akasema. "Ndege hiyo imeondoka hapa kwenda Lomnes mara elfu ishirini na mbili bila mimi. Kila ikiruka naangalia saa. Jumamosi nikiiacha, nitakufa sijaitengeneza piano ya watu."

Nilitaka kucheka kama alivyoniruhusu, lakini Embla alikuwa amemshika kidole, na uso wa mzee ulikuwa wa mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nikaramba jemu mkononi.

Jumamosi asubuhi Sindre alitukagua tiketi, akavaa koti la pili akatukagua mizigo. Akatoa kile kichuma cha ncha mbili.

"Hii nini, mzee?"

Arvid akakigonga kwenye goti, akakiweka juu ya meza, na meza nzima ikaimba. Sindre akakirudisha kisandukuni polepole kama mtu aliyeshika yai.

"Kwenye fomu nitaandika kijiko," akasema. Akavaa koti la tatu, akatoka kwenda kubeba mizigo.

Tulikuwa abiria watano, ukiacha Embla. Arvid alikuwa amekunywa vikombe sita vya kahawa ili asisinzie kwa dakika kumi na moja. Alikaa wima, mkanda umemkaba, macho hayapepesi. Ndege ilipoinuka tu akamwita mhudumu.

"Dada, hapa ni Lomnes?"

"Hapa ni juu ya choo cha uwanja wa Skarvik, baba."

Mhudumu akapita na sahani ya chokoleti. Chokoleti ni ndogo kwa sababu safari ni ndogo. Ukipewa kubwa utashuka mdomo umejaa. Embla akapewa karatasi ya chokoleti tu, akaridhika. Chini bahari ilikuwa nyeusi yenye mikunjo myeupe, na milima bado ilikuwa na theluji mpaka miguuni.

"Sasa je?"

"Bado, baba. Nusu."

"Nusu tayari?" Arvid akageuka kwangu, midomo imemkauka. "Synne, nilidhani nusu itakuwa ndefu zaidi."

Kisha tukaanza kushuka. Nikamshika mkono, ingawa ni mtu mwenye umri mkubwa kuliko baba yangu. Tulipogusa chini akatazama saa yake.

"Dakika kumi na sekunde arobaini na mbili," akanong'ona. "Upepo kidogo."

Ndege ikasimama, mlango ukafunguliwa, Arvid akatoa kichwa nje akakirudisha.

"Tumerudi Skarvik," akasema.

Na kweli, jengo la njano, mlango mmoja. Nyuma yetu abiria watatu wakaanza kukohoa.

"Arvid, hatujarudi. Sindre hayupo."

"Kuna mtu mwenye koti la Sindre."

"Koti tu. Mtu mwingine. Tazama tumbo."

Akatazama tumbo, akakubali kushuka. Lakini hakuniamini sawasawa, maana alikwenda mpaka kwa yule mtu akamuuliza hapa ni wapi. Yule mtu akamwangalia juu mpaka chini.

"Inategemea ulikuwa unakwenda wapi."

"Hilo," Arvid akasema, "ndilo nililopaswa kuulizwa zamani."

Shangazi Torbjørg alikuwa anatungoja. Ni mwanamke mrefu, sauti nene, na ndiye kiongozi wa kwaya ya Lomnes. Alimchukua Embla mikononi mwangu kabla hajanisalimu, akasema mtoto ana masikio ya ukoo, kisha akatupakia garini mpaka ukumbini, kwa sababu kwaya ilikuwa na mazoezi ya sikukuu ya Mei na yeye hawezi kuwaacha peke yao, watakunywa kahawa mpaka saa nane. Arvid alikaa nyuma. Alikumbatia kisanduku chake.

Ukumbini palikuwa na watu kama ishirini. Piano ilikuwa pembeni, ya kahawia, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Arvid alipoiona alisimama kama mtu aliyekutana na mwenye nyumba anayemdai kodi. Akatoa karatasi mfukoni. Nikajua ameiandika usiku mzima, imekunjwa mara nane.

"Jina langu ni Arvid Tveiten," akasoma. "Nilitakiwa kufika hapa tarehe nne Machi, saa sita na dakika ishirini mchana, miaka thelathini na moja iliyopita, kurekebisha piano yenu. Nimechelewa. Sina udhuru ambao mtu mzima anaweza kuusikiliza. Naomba mnisamehe, na naomba ruhusa niifanye kazi yangu."

Wakatazamana. Mzee mmoja wa sauti ya chini kabisa, jina lake Edvin, akaweka kikombe.

"Lakini Arvid Tveiten alikuja," akasema.

"Hapana. Mimi ndiye."

"Alikuja. Mimi ndiye niliyempokea uwanjani. Ndevu nyekundu, mkono wa kushoto. Alikula sahani tatu."

Torbjørg akaenda kwenye piano, akainua kifuniko. Ndani, kwa rangi nyeupe na mwandiko mzuri, palikuwa pameandikwa: Imerekebishwa na Arvid Tveiten, kwa shukrani ya kwaya ya Lomnes.

Arvid alisoma jina lake. Akalisoma tena. Nikaona midomo yake ikitembea, kisha ikasimama.

"Ndevu nyekundu," akasema. "Alikaa kiti cha mbele yangu. Alikuwa anakoroma. Ndiye aliyenitia usingizi."

Hapo tukaelewa wote, kila mtu kwa wakati wake, Edvin wa mwisho. Ndege ilikuwa na mtu mmoja wa kushuka Skarvik na mmoja wa kushuka Lomnes. Skarvik alishuka mmoja, mhudumu akahesabu mmoja, hesabu ikatimia. Yule mwenye ndevu, ambaye ndiye alikuwa mtu wa mizani, akaamka Lomnes, akaona jengo la njano, akaambiwa afadhali umekuja, akapelekwa kwenye piano.

"Na hakusema kitu?" nikauliza.

"Alisema ni mashine nzuri," Edvin akajibu. "Akaiweka sawa kwa pimamaji. Akaipaka grisi. Kisha akatoa mizani ya mkononi, ya kuning'iniza samaki, akavuta kila uzi mpaka nyuzi zote zikawa na uzito mmoja. Siku mbili nzima. Mtu mchapakazi. Hakupiga hata wimbo mmoja, tukasema huo ni unyenyekevu."

"Nyuzi zote uzito mmoja," Arvid akarudia, akashika meza.

"Mlipoipiga hamkusikia?" nikauliza.

"Tulisikia," Torbjørg akasema. "Tumbo langu lilisikia. Lakini mtu ametoka mbali hivyo, amepanda ndege tatu, utamwambiaje? Tukamwandikia jina."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tukaizoea."

Arvid akakaa kwenye kiti cha piano. Nilidhani atacheka, maana kumbe hakuna aliyemngoja, hakuna maua yaliyonyauka uwanjani, ile haya yote aliilisha bure miaka thelathini na moja. Hakucheka. Alibonyeza kibao kimoja taratibu, kisha kinachofuata, kisha akaondoa mkono kama aliyeungua.

"Bado haijatengenezwa," akasema. "Naomba ruhusa."

Wakamruhusu, kwa sababu amepanda ndege. Wao wakaenda jikoni kupika supu ya samaki, mimi nikabaki na Embla kwenye zulia. Nimemwona Arvid akipanda juu ya mashine ya barafu, nimemwona chini ya boti, siku zote ana haraka na midomo imebanwa. Siku hiyo niliona mtu mwingine. Alipanga vile vitambaa vyekundu katikati ya nyuzi kunyamazisha zile asizozitaka, akagonga kichuma chake kupata sauti ya kufuata, akageuza ufunguo kidogo, kidogo mno, unywele tu, akasikiliza. Sauti mbili zilizokuwa zinagombana zikawa zinasogeleana, zinasogeleana, kisha zinakuwa moja, na kila mara zikiwa moja mabega yake yalishuka. Embla aliacha kutafuna soksi yake. Sijapata kuona mtu akipata furaha kubwa hivyo, kwa muda wa saa nne mfululizo, bila kuitangaza.

Saa tisa alifunga kifuniko, akapiga wimbo mmoja wa kanisani wa zamani. Mimi si mtu wa muziki, shule nilitoka na alama ambazo hazisomwi mbele ya watu. Lakini niliona kana kwamba mtu amefuta dirisha.

Kwaya ikasimama mistari mitatu. Torbjørg akainua mikono. Wakaanza.

Sijui niseme nini. Waliimba kama watu ishirini waliokuwa wanashuka ngazi ya nyumbani kwao gizani, na mtu ameongeza ngazi moja. Akina mama wakapanda wakakuta piano haipo, wakarudi. Edvin akashuka chini peke yake, akakaa huko. Katikati ya ubeti wa pili mtu mmoja akaanza kucheka, mwingine akakohoa, Torbjørg akashusha mikono.

"Imeharibika," Edvin akasema.

"Imetengenezeka," Arvid akasema.

"Imetengenezeka kwa nani? Sisi ndio tunaoimba."

"Nyinyi mnaimba kombo, jamani. Kila sauti. Mmefundishwa na samaki."

"Tumeimba hivyo miaka thelathini na moja," mama mmoja akasema. "Watoto wangu wamebatizwa hivyo. Wageni wakija wanasema Lomnes mna sauti yenu wenyewe."

"Ni kweli kabisa," Arvid akasema kwa uchungu, "ni yenu wenyewe."

"Basi irudishe," Edvin akasema. "Irudishe kama Arvid alivyoiacha."

"Arvid ni mimi."

"Yule mwingine. Aliyekuja."

Torbjørg akamtazama Edvin mpaka Edvin akainamia karatasi yake ya nyimbo. Kisha akavuta kiti akakaa karibu na Arvid, akasema kwa ile sauti nene, lakini chini, "Tveiten, kazi yako ni nzuri. Hata mimi nimesikia. Lakini sikukuu iko wiki tano mbele, na hawa ni wazee, hawawezi kujifunza upya nyimbo zote. Na yule aliyewafundisha kombo hatujui hata jina lake. Sasa hivi kwaya yangu haina pa kusimama."

Simu yangu ikalia. Sindre alikuwa ameandika: Ndege imetoka hapa. Jamaa wa uwanja wa Lomnes wanawangoja mlangoni. Mko wapi? Nikamwonyesha Arvid. Alitazama saa yake kwa mazoea, na nikajua anahesabu. Tungetoka wakati ule tungeiwahi. Angerudi kwake na jina lake ndani ya kifuniko cha piano iliyonyooka, kazi ameifanya, deni la moyo limeisha, na kwaya ya Lomnes ingefunga midomo. Tusipotoka, ni kilomita mia moja na tisini, mlima, kizuizi, na mtoto wa miezi tisa kwenye kiti cha nyuma.

Tukaisikia ikija. Ikapita juu ya paa la ukumbi, ikashuka, ikanyamaza. Arvid alikuwa anatazama ule mstari wa wazee, na wao wanamtazama, kila mmoja na karatasi yake ya nyimbo. Baada ya muda injini zikaamka tena, ikapanda, ikaondoka. Arvid hakuangalia saa.

Akafungua kisanduku, akachukua ule ufunguo. Akaugusisha kwenye uzi wa kwanza kabisa, wa chini, akauondoa. Akaugusisha tena, akauondoa.

"Mtanisaidia," akawaambia kwaya. "Mimi siijui njia yenu. Mtaimba sauti moja moja, kama mnavyoijua, nami nitawafuata."

"Tutaimba," Torbjørg akasema.

Kisha akanigeukia mimi. Alikuwa ametoa pamba kwenye kisanduku cha dawa cha ukumbi, anaiviringisha vidonge viwili.

"Synne, mwanangu, nina ombi. Mikono yangu itafanya, lakini masikio hayatakubali. Kila nitakapokaribia pale wanapotaka wao, yatanirudisha kwenye njia yangu, nayajua. Kwa hiyo nayaziba. Njoo ukae hapa karibu yangu na mtoto. Wao wakiimba, mimi nikigeuza, wewe sikiliza, na ukiona piano na hawa watu wamepatana, nigonge begani. Viko vibao themanini na vitano. Torbjørg atatupeleka nyumbani kesho kwa barabara. Na ukiona nalia usinihurumie, mama, wewe gonga tu."